Waliomezwa na Ng' ya Ng'ombe

Elimu yangu yote niliipata baada ya saa kumi na moja jioni. Shule ya msingi siihesabu, kule nilikwenda zaidi kwa ajili ya uji. Nilichokisoma kwa akili zangu timamu nilikisomea Mfaranyaki, kwenye kituo cha masomo ya jioni, chini ya karabai iliyonguruma kama lori la mahindi linalopanda mlima, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuuona ubao wetu ukipigwa na jua. Mwezi wa saba baridi ya Songea ilikuwa inaingia darasani bila kupiga hodi na kukaa mbele kama mwanafunzi mwenye bidii. Kuna jioni moja, naapa, mwalimu alichora pembetatu ikatetemeka.

Dawati nilikaa na mama mmoja, mhudumu wa wodi hospitalini. Kwao ni Nalasi, kule Tunduru kwenye mikorosho, lakini alikuwa amepanga Mjimwema, hapahapa Songea, miaka mingi hata majirani walimwona mwenyeji. Alinizidi miaka kumi na tano hivi. Kila jioni kabla sijafungua daftari ilikuwa, "Shikamoo dada," naye, "Marahaba mdogo wangu, umefanya zile za Hesabu nipate kunakili?" Alikuwa anafika moja kwa moja kutoka zamu, ananukia dawa ya kusafishia sakafu, na akikaa tu anavua viatu chini ya dawati na kusema alhamdulillahi, kama mtu aliyetua gunia. Mwaka wetu wa mtihani wa kidato cha nne mama yake aliugua, akaenda Nalasi kumuuguza, mtihani ukampita. Mimi nikafanya, nikafaulu, sherehe ikafanyika nyumbani kana kwamba nimerudi kutoka mwezini. Yeye akarudi kukaa dawati lilelile, na mtu mwingine.

Kituo kikaniajiri ukarani. Mkuu wa kituo alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kofia na miwani, aliyependa kitu kipya kuliko bibi harusi anavyopenda vyombo. Ilikuwa miaka ile ya milango ya biashara kufunguliwa. Maduka ya mjini yalijaa redio zenye taa za kuzunguka, viatu vya plastiki vya rangi za pipi, na sabuni zenye majina ya maua ambayo hakuna mtu Songea aliyewahi kuyaona. Katika mafuriko hayo nasi tukaletewa kompyuta moja na marafiki wa kituo kutoka Ulaya, na printa yake, na CD ya programu, na kitabu kinene kama mto wa kulalia.

Kitabu kilifundisha lugha ya kompyuta iitwayo Python, yaani chatu. Nilipomwambia mama yangu kwamba siku hizi najifunza chatu ofisini aliniuliza kama mishahara imechelewa.

Mimi nilizama. Umeme wa Songea siku zile ulikuwa kama mjomba wa mbali, unakuja ukijisikia, unakula, unaondoka bila kuaga. Ukija, nakaa mbele ya kioo cheusi naandika amri. Hakukuwa na picha za kubonyeza wala nini. Unaandika jina la programu, unaiambia faili gani isome, unaiambia ichapishe au ionyeshe tu kiooni, unagonga kitufe, nayo inatii. Nilijiona jenerali. Mkuu wa kituo akaanza kuniita Injinia mbele za watu, nami sikumrekebisha.

Akaja na wazo lake. "Injinia, mwaka huu orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne isiandikwe kwa taipu. Itoke kwenye mashine. Wakubwa wa mitihani Dar es Salaam waone kwamba na sisi Songea tupo duniani."

"Itatoka, mwalimu."

"Bila kufutwafutwa?"

"Mwalimu, itatoka imenyooka kama barabara ya lami."

Sasa ni lazima niseme orodha ile ilikuwa na maana gani. Milango ileile iliyofunguliwa kuingiza redio ndiyo iliyotumika kuwatoa watu. Kila ofisi ya serikali ilikuwa inapunguza. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kupunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Hospitalini wahudumu wasio na cheti cha kidato cha nne waliambiwa majina yao yako mezani. Dada yangu wa dawati akaenda kuongea na muuguzi mkuu, akaja kunisimulia akiwa amesimama mlangoni pa ofisi na ndoo mkononi.

"Amesema nikifanya mtihani mwaka huu, nafasi yangu ataishikilia mpaka majibu yatoke. Nisipofanya, hana la kunisaidia. Mwaka huu, mdogo wangu, siyo mwakani."

"Basi utafanya, dada."

"Inshallah. Wewe ndiye mwenye orodha."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Programu ya orodha niliiandika wiki tatu. Sehemu ya kuchapisha ilikuwa rahisi. Iliyonitoa jasho ni sehemu ya kusikiliza amri: mtumiaji akiandika hivi ifanye hivi, akikosea imwambie amekosea wapi. Lugha yenyewe inakuja na zana zake ndani, kitabu kinaziita maktaba sanifu, na mkuu wa kituo aliposikia hivyo alidhani nataka kwenda kuazima vitabu. Ndani ya maktaba hiyo kuna chombo kidogo cha kusoma amri. Nacho, jamani, kilikuwa kama shemeji anayekuletea kuni uani lakini kupasua hataki. Kinakuletea maneno yaliyoandikwa, kinakubwagia, kinaondoka. Kupanga, kukagua, kusoma faili mstari kwa mstari, yote ni juu yako. Niliandika mistari sitini. Ilikuwa mibaya kuitazama lakini ilifanya kazi.

Ndipo binamu yangu akaja likizo. Alikuwa anasoma chuo Dar es Salaam, amejaa maneno, na mfukoni mwa shati alikuwa na disketi nne zimepangwa kama vyeo vya kijeshi. Akaomba aione kazi yangu. Akaitazama. Akacheka mpaka akashika meza.

"We mshamba, hii nini?"

"Inasoma amri."

"Mistari sitini kusoma amri? Wewe unasoma amri au unatunga katiba?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema. Unatumia vya ndani."

"Vya ndani ni vya wazee, bwana. Watu wameshatengeneza vifurushi vizuri vya programu, wanagawa bure. Sogea."

Akachomeka disketi. Mistari yangu sitini ikawa minne. Akaandika amri ya kuomba msaada, na kwenye kioo kile cheusi yakatokea maelezo yote yamepangwa vizuri, vichwa kwa rangi ya njano, amri kwa kijani. Nilikuwa sijui kwamba kioo chetu kina rangi. Nilijisikia kama mtu aliyeishi na mke miaka kumi ndipo anagundua kwamba anaimba.

"Na siyo hiyo tu," binamu akasema. "Ukichoka kuandika, unakipa faili zima. Kinalisoma lote kana kwamba umeliandika wewe kwa mkono kwenye kioo. Majina yako yote utayamwaga humo, basi."

"Kakitengeneza nani?"

"Jamaa mmoja huko Ulaya. Anafuga nyuki."

"Sasa kikigoma, namtafuta mfuga nyuki?"

"Hakigomi."

Sitajitetea kwa hoja za kitaalamu. Nilichagua kwa ajili ya rangi. Kile chombo cha ndani kilikuwa ndugu, najua kasoro zake zote, najua anapokoroma. Kifurushi kilikuwa cha mtu baki, kimevaa suti. Wakati ule sote tulikuwa tunachagua hivyo, kuanzia sabuni mpaka viatu. Nikafuta mistari yangu sitini. Sikubaki hata na nakala.

Nilikijaribu, sikuwa mzembe kiasi hicho. Niliandika majina ishirini ya ndugu zangu, hai na marehemu, nikampa hadi babu mtihani wa Baiolojia. Ukoo mzima ukatoka umenyooka. Kumbe ukoo wetu una kasoro moja ambayo hakuna mtu angeweza kuijua: hatuna hata mtu mmoja mwenye ng' ya ng'ombe kwenye jina lake.

Kituo kilikuwa na watahiniwa arobaini na mmoja. Niliwaingiza kwa utaratibu waliojiandikisha, kila mmoja na namba yake, jina lake na masomo yake. Siku ya kuchapisha umeme ukaja asubuhi, ukakaa. Ile printa ilipoanza kulia watu walitoka maduka ya jirani kutazama, na nadhani kelele yake ilifika mlima Matogoro ikapumzika ikarudi. Karatasi ikatoka na vitobo vyake pembeni. Mkuu wa kituo hakuisoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, akaweka kidole.

"Namba arobaini na moja. Watahiniwa arobaini na mmoja. Imekamilika." Akagonga mhuri kwa nguvu hata wino ukaruka.

Nami nilitazama palepale alipotazama yeye.

Mchana ule dada akapita akienda zamu. Bahasha ilikuwa tayari imefungwa kwa gundi, iko mezani inangoja basi la asubuhi.

"Jina langu limo?"

"Limo, dada."

"Umeliona kwa macho?"

"Dada, wewe mwenyewe ulinitajia nikaandika. Mashine inalo."

Akatazama bahasha, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda. Kufungua bahasha kungenichukua dakika mbili, na gundi ilikuwa chupa nzima.

Orodha iliyothibitishwa ilirudi kutoka Dar es Salaam wiki tano kabla ya mtihani, na namba rasmi za watahiniwa. Mkuu wa kituo akanipa niibandike ukutani. Nilikuwa na pini nne mdomoni wakati nilipoona kwamba baada ya namba kumi na moja inakuja namba kumi na tisa.

Nilitoa pini mdomoni moja moja. Nikahesabu mistari. Thelathini na minne. Nikahesabu tena kwa kidole, nikahesabu kutoka chini kwenda juu, nikahesabu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kila njia, watu saba hawakuwepo. Dada yangu wa dawati alikuwa namba kumi na nne.

Nikakimbilia mashine. Umeme haukuwepo. Nilikaa mbele ya kioo kile nikitazamana na sura yangu mwenyewe mpaka ulipokuja alasiri, nikatafuta, na nilipolipata kosa nilitaka kucheka, nikashindwa.

Mtahiniwa namba kumi na moja alikuwa askari polisi, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyehamishiwa kwetu, na jina la ukoo wake linaanza na Ng', ile yenye kialama juu, ng' ya ng'ombe. Namba kumi na nane alikuwa mke wa bwana misitu, naye ni wa kulekule, naye ana kialama chake. Sisi hapa nchini kialama kile ni sauti tu, kinakwambia utie jina puani. Mfuga nyuki wa Ulaya hakuwahi kumsikia ng'ombe wetu akilia. Kwenye kifurushi chake kialama kile ni mlango wa nukuu: kikikutana nacho kinajua mtu ameanza kunukuu, basi kinakusanya kila kitu, majina, namba, masomo, kinafunga mzigo mmoja, mpaka kikutane na kialama kingine cha kufungia. Kilifunguka kwa polisi, kikaja kufungwa kwa mke wa bwana misitu. Wote waliokuwa katikati wakawa jina la ukoo la askari. Jina refu kiasi hicho likazidi nafasi kwenye karatasi, printa ikalikata baada ya herufi ishirini. Ikabaki sura ya kawaida kabisa, mtu mmoja, jina moja, halijaonyesha hata uvimbe. Ila masomo yaliyofuata yalikuwa ya mke wa bwana misitu. Askari polisi, futi sita, bunduki begani, amesajiliwa mtihani wa Mapishi.

Nilikitupa kifurushi. Nikarudia chombo cha ndani, nikaandika upya mistari yangu sitini kwa kichwa, maana nakala sikuwa nayo. Safari hii niliona uzuri wake: kinakuletea ulichoandika kama ulivyokiandika, hakijifanyi kinakujua. Ilinichukua saa moja na nusu. Ikatoka orodha ya watu arobaini na mmoja, kila ng' na kialama chake juu kama kofia. Ilikuwa orodha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Mfaranyaki, na hakuna mtu duniani aliyeihitaji.

Kesho yake tulikwenda posta kuzipigia simu ofisi za mtihani, mimi na mkuu wa kituo, tukasubiri laini kutwa kama watu wanaosubiri maiti kutoka mbali. Ilipopatikana alinipa mimi mkonga wa simu. "Ongea wewe, Injinia. Mambo ya mashine ni yako."

Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa ya upole, ndiyo iliyonivunja moyo.

"Muda wa masahihisho umepita, ndugu yangu."

"Najua, mzee, lakini ni kosa la mashine."

"Mashine ya nani?"

"Yetu."

"Haya. Na mhuri kwenye orodha?"

"Wetu."

"Na barua inayosema majina yamehakikiwa, nani kasaini?"

Nikamtazama mkuu wa kituo. Alikuwa amevua miwani anaifuta na shati. "Ni sisi," nikasema.

"Basi, ndugu yangu. Andikeni barua."

Tuliandika barua. Tuliandika barua nyingi kuliko mitume. Mkuu wa kituo alikwenda ofisi ya elimu ya mkoa na suti yake ya kustaafia, akakalishwa kwenye benchi siku mbili, siku ya tatu wakamwambia suala liko juu yao. Askari naye alikuja na magwanda, tukadhani amekuja kutukamata. Kumbe kulikuwa na fomu ya kubadilisha somo na muda wake ulikuwa bado, akabadilishiwa Mapishi siku hiyohiyo. Kubadilisha somo la aliyemo kuna fomu. Kumwingiza asiyekuwemo hakuna fomu. Binamu yangu alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za mtihani kule Dar, akazungushwa ghorofa zote, halafu akamwandikia yule jamaa wa Ulaya kwa barua pepe kutoka chuoni. Akanisomea jibu kwenye simu ya posta, kwa furaha kabisa.

"Amejibu! Amesema asante sana kwa taarifa. Amesharekebisha, toleo jipya halina tatizo hilo."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Sasa watu saba."

Laini ikakatika, au aliikata, sikumlaumu.

Dada nilimwambia mwenyewe. Nilimfuata hospitalini, nikamkuta nyuma ya wodi anakamua matambara. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu kuhusu kialama. Nilianza, nikafika kwa mfuga nyuki, akaninyamazisha kwa mkono wenye povu.

"Simo?"

"Haumo, dada."

"Ulisema nimo."

"Nilisema."

Akaendelea kukamua. Alikamua tambara lile mpaka halikuwa na tone. "Kwa hiyo jina langu liko ndani ya jina la polisi."

"Ndiyo. Lilikatwa."

"Huyo polisi namfahamu. Alikuja kushonwa mguu, nikamfulia shuka." Akaniuliza tena, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya nyanya. "Hakuna namna?"

Wanaonijua watakwambia mimi siishiwi maneno. Kwenye misiba hunitafuta nichangamshe watu. Nikasema tunaendelea kuandika barua.

Siku ya mtihani nilipewa kazi ya kusimama mlangoni na kusoma orodha. Wale wengine sita walishakata tamaa, wawili walikuwa shambani, mmoja kaenda Mbinga kwenye kahawa. Yeye alikuja. Alikuja kabla ya saa mbili, amevaa sare yake ya kazi iliyopigwa pasi, ana kalamu mbili, rula, na kitambulisho chake cha kazi kwa kuwa hakuwa na namba ya mtihani.

"Dada, si nilikwambia..."

"Uliniambia. Soma."

"Dada."

"Wewe soma tu. Labda Dar wameleta nyingine."

Nikasoma. Anayeitwa anasema "Nipo," anaingia. Nilipofika namba kumi na moja askari akasema "Nipo, afande," kwa mazoea, watu wakacheka, akaingia huku anageuka kumtazama dada. Nikasoma kumi na tisa. Hakusogea. Nikaendelea mpaka arobaini na moja, polepole, nikiwa najua hakuna kitu huko mbele, na uwanja ukabaki na sisi wawili. Msimamizi aliyetoka wilaya nyingine akachungulia.

"Huyu mama?"

"Hayumo kwenye orodha," nikasema. Ilibidi niseme mimi.

"Pole, mama," akasema, akafunga mlango kwa ndani.

Tulisimama pale. Ndani tulisikia karatasi zikigawiwa. Nikatamani anitukane, mama wa Nalasi akitukana anajua kutukana, ningepata pa kuanzia. Badala yake akasema, "Zamu yangu leo ni mchana. Muuguzi mkuu ataniuliza. Niandikie barua basi. Sema nilikuja."

Tukaingia ofisini. Umeme ulikuwepo, mashine ilikuwa imewaka. Nilichukua kalamu na karatasi ya mistari, nikaandika kwa mkono kwamba mwenye barua hii ni mwanafunzi wa kituo, amesoma miaka minne, amejiandikisha kwa wakati, na leo asubuhi amefika mlangoni pa chumba cha mtihani akiwa na vifaa vyake vyote, na kwamba kutoonekana kwa jina lake ni kosa la karani. Nilipofika kwenye jina nikamwomba anitajie herufi moja moja.

"Miaka yote hiyo hujui jina langu?"

"Nalijua, dada. Nitajie tu."

Akanitajia. Niliandika kila herufi akiangalia kwa macho. Akaisoma barua mwanzo mpaka mwisho, akiyafuatisha maneno kwa midomo, akasema mwandiko wangu umekuwa mzuri tangu niache kuandika. Nikagonga mhuri. Akaikunja mara nne, akaiweka kifuani.

Muuguzi mkuu aliipokea vizuri, nilikuja kusikia, akaitia kwenye faili. Mwezi uliofuata faili likafika mezani pamoja na barua yake, na dada akapunguzwa na wengine waliokuwa hawana cheti. Aliondoka Mjimwema kabla ya mvua kukolea, akarudi Nalasi kupalilia mikorosho ya kaka yake. Nilikwenda kumsindikiza stendi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mwakani nitamjazia fomu mimi mwenyewe, kwa mkono, atakuwa namba moja. Nilimwambia. Alikuwa anapanga mizigo yake juu ya basi na utingo, sufuria, godoro, meza ndogo, akisimamia kamba ifungwe vizuri.

"Mwakani nitakuwa sina sababu, mdogo wangu," akasema. "Ile kazi ndiyo ilikuwa inataka cheti. Mikorosho haitaki."

Akapanda. Nilibaki nimeshika ncha ya kamba aliyoniambia niishike, mpaka utingo akaja kuichukua.